Adeer, Leseni ya Boti ni Pesa Ngapi?

Swali hilo niliulizwa Masalani, Ijara, kwenye kivuli cha duka la jumla, na kijana aliyekuwa akipakua magunia ya sukari kutoka kwenye lori. Alikuwa amesikia kwamba Lamu nahodha mwenye karatasi hasumbuki kutafuta kazi, na kwamba kila Mto Tana unapofurika watu wa misaada huja na boti zao pamoja na watu wao wa kuziendesha, huku vijana wa hapa wamekaa ukingoni wakitazama. "Adeer, niambie tu ni pesa ngapi. Nitauza mbuzi." Adeer ni ami kwa Kisomali. Nilimwambia awaache mbuzi malishoni kwanza. Haya ndiyo niliyomweleza siku ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya gari kuondoka, kama ilivyo kawaida ya mtu wa umri wangu.

Neno lenyewe ni la kale. Nahodha limetoka Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Wasomali nao husema naakhuude. Halina maana ya mwendeshaji. Anayekata usukani ni mshika usukani, na kazi hiyo mtu mwepesi wa kushika hujifunza kwa wiki mbili. Bwana wa chombo ni yule anayeamua chombo kiondoke au kilale, kibebe nani na kimwache nani. Mafunzo yote nitakayoyataja hapa, ukiyachunguza, yanakuandaa kutamka neno moja ambalo kijana wa miaka 22 hulitamka kwa shida mbele ya wazee, mbele ya tajiri wa boti na mbele ya abiria wenye haraka. Neno lenyewe ni hapana.

Tumelipia neno hilo kwa uchungu. Aprili 28, 2024, barabara ya Garissa kwenda Madogo ilikuwa imemezwa na mto na boti zimegeuka matatu. Siku ile boti iliyojaa watu ilipinduka Kona Punda. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba watu 23 wameokolewa. Wengine miili yao iliopolewa baadaye. Kule Ukerewe, Tanzania, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kwa watu 100 kilipinduka karibu na gati la Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Rais John Magufuli alisema baadaye kwamba nahodha mwenyewe hakuwamo, usukani ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Methali yetu inasema nahodha wengi chombo huenda mrama. Mara nyingi kwetu taabu ni kwamba hayupo hata mmoja.

Nianze na karatasi, maana ndiyo inayowatia watu hofu, na kumbe ndiyo nyepesi. Vyombo vya majini nchini, vya baharini na vya maziwa na mito, vinasimamiwa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini Kenya, ambayo kila mtu huiita KMA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009. Ndiyo inayokagua chombo cha biashara na kukipa leseni, na ndiyo inayomtahini anayetaka cheti cha kuendesha vyombo vidogo, kile ambacho pwani wanakiita cha ukoksweni. Hata kama boti yako haitatoka Kotile, hapo mtoni, maisha yake yote, mamlaka ni hiyohiyo. Usimpe mtu yeyote shilingi kabla ya kuiuliza KMA yenyewe ni chuo gani wanakitambua, na ni kozi ipi inayotakiwa kwa ukubwa wa chombo unachokitaka. Ada hubadilika, na mara nyingine miradi hufadhili mafunzo ya vijana, kwa hiyo bei niliyoisikia mimi haitakufaa. Uliza pia ofisi ya basari ya eneobunge lako. Basari si ya chuo kikuu peke yake, ingawa wazazi wengi wa kwetu hudhani hivyo.

Hapa kwenye karatasi pana mtego mmoja. Kuna njia mbili, na matapeli hupenda kuzichanganya. Njia ya kwanza ni ya vyombo vidogo vya maji ya nyumbani: boti za abiria, za watalii, za kukusanya samaki, za uokoaji. Ya pili ni ya mabaharia wa meli kubwa, inayofuata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaojulikana kwa herufi STCW. Huko utasoma kwanza mafunzo ya msingi ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wenzako kazini. Bandari Maritime Academy ya Mombasa, ambayo zamani ilikuwa Chuo cha Bandari, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha mambo ya bahari. Cheti cha ukoksweni hakikupandishi meli ya makontena ya kwenda Dubai, na anayekuahidi hivyo anataka bei ya mbuzi wako. Lakini mafunzo ya usalama niliyoyataja yanamfaa hata nahodha wa boti ya abiria 12. Ukiyapata, yachukue.

Kabla ya ada yoyote, nenda ukapimwe macho. Simaanishi kusoma herufi za ukutani tu. Omba kipimo cha rangi, kile cha kutazama namba iliyofichwa ndani ya vitone vya rangi mbalimbali. Wako wanaume wengi wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani na hawajui, kwa kuwa malishoni hakuna kinachowauliza. Usiku majini, rangi hizo mbili ndizo zinazokueleza chombo kile kinakuja au kinakwenda. Ni heri kujua mapema kwa nauli ya Garissa kuliko kujua baada ya kulipa kozi.

Na kuogelea. Wenzetu Wapokomo wa ukingoni, na Wamunyoyaya wa huko juu Garissa, mtoto wao hujua maji kabla ya kujua shule. Sisi tuliolelewa nyuma ya ng'ombe tuliambiwa mto ni wa kunywesha mifugo na kuondoka, na kwa sababu ya mamba, wazee walikuwa na haki. Usijifunzie Tana. Nenda Lamu ukakae mwezi, mtafute mtu wa Shela au Matondoni akufundishe maji yakiwa yamejaa na yametulia. Hutakiwi kuwa bingwa. Unatakiwa ukianguka ulale chali, upumue, usipigane na maji, na umshike mwenzako bila kuzama naye. Jaketi la kuokolea utalivaa pamoja na hayo. Nahodha anayelikalia kama mto wa kiti hawezi kumlazimisha abiria avae lake.

Kisha nunua daftari. Hili ndilo jambo ambalo laiti ningeliambiwa mapema. Mtahini hataki kusikia kwamba umekulia kwenye boti. Anataka kuona siku zako majini. Andika tarehe, jina la chombo, urefu wake, nguvu ya mashine, mlitoka wapi mkaenda wapi, saa ngapi, na wewe ulifanya kazi gani. Usione haya kuandika "kufua maji" au "kufunga kamba"; kila baharia ameanzia ngamani, chini tumboni mwa chombo. Nahodha atie sahihi siku ileile, kwa sababu ukimrudia baada ya miezi sita atakuwa amehamia Kiunga. Kama unafanya kazi kwenye bandari ndogo yenye kamati ya wavuvi, ile BMU, mwombe mwenyekiti naye athibitishe. Andika pia siku ambazo hamkuondoka, na sababu yake: upepo, maji ya mto kupanda, mashine kukohoa. Nitalirudia hili.

Sasa tuje kwenye mto, maana wewe ni mtu wa Ijara na mto ndio chuo chako cha kwanza. Watu wa baharini hudharau mto. Waache. Bahari ina miamba iliyokaa mahali pamoja tangu enzi za Pate kuwa na masultani. Tana huhamisha mafungu yake ya mchanga kila msimu, na njia uliyopita salama mwezi uliopita leo ina gogo la mwembe limezama shubiri moja chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Humuoni adui, kwa hiyo jifunze kusoma uso wa maji. Ukiona maji yamechora umbo la mkuki unaoelekeza ncha yake kule mto unakoteremkia, hapo katikati kwa kawaida ndipo njia ilipo. Ukiona ncha ya mkuki inakuelekea wewe unayeteremka, chini yake kuna kitu: gogo, jiwe, au nguzo ya kivuko kilichokufa. Kwenye kona ya mto, maji marefu hukaa upande wa nje, ule unaokula ukingo. Upande wa ndani ni mchanga, na juu yake mara nyingi amelala mamba akiota jua.

Kuvuka nako kuna elimu yake. Anayeanza huelekeza omo, yaani mbele ya boti, moja kwa moja kwenye kituo cha ng'ambo, mkondo ukamsukuma, akajikuta boti imelala ubavu kwa maji. Boti iliyolala ubavu ikigota kwenye gogo, maji hupanda upande wa juu na kuipindua kabla hujasema bismillahi. Elekeza omo juu, kule mto unakotoka, kwa mshazari mdogo, mashine ikifanya kazi ya kutosha tu usirudi nyuma, na mkondo wenyewe utakusogeza pembeni mpaka ng'ambo. Tia nanga au funga kamba omo likiwa bado linatazama juu. Na kila mara jiulize: mashine ikizima sasa hivi, maji yatanipeleka wapi? Kama jibu ni kwenye mti uliolala au kwenye nguzo za daraja, umechagua mahali pabaya pa kuvukia, panda mita mia mbili juu zaidi.

Maji ya mafuriko ni kitu kingine kabisa, na hayafanani na mto. Maji yakipita juu ya barabara, upande mmoja huwa juu kuliko mwingine, na yanaporuka ukingo wa lami huchimba shimo na kuzunguka. Makalvati hunyonya. Waya za umeme zimeshuka karibu na kichwa. Na yanakuja bila mvua: Masalani pakavu, mbingu nyeupe, lakini mvua imenyesha Mlima Kenya na Aberdare, bwawa la Masinga limefurika, likamwagia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na baada ya siku kadhaa mzigo wote huo unafika kwetu. Kwa hiyo nahodha wa Ijara husikiliza taarifa za mabwawa kama vile nahodha wa Lamu anavyosikiliza taarifa za upepo. Chomeka kijiti ukingoni jioni, kwenye usawa wa maji. Asubuhi kikiwa kimezama kiganja kizima, uliza kabla ya kupakia mtu.

Hesabu utaikuta kwenye kozi, na vijana wengi huiogopa. Hebu tazama inavyofanya kazi kwetu. Boti yako kwenye maji yaliyotulia inakwenda kilomita 10 kwa saa, na mkondo unateremka kilomita 6 kwa saa. Ukiteremka, unakwenda 16. Ukipanda, unakwenda 4. Safari ya kilomita 16 kuteremka ni saa moja. Kurudi ni saa nne. Kama mashine inakunywa lita 8 kwa saa, kwenda ni lita 8 na kurudi ni 32, jumla 40. Yule aliyehesabu kwenda 8 na kurudi 8 ataishiwa petroli baada ya kupanda kilomita 4, jua linazama, viboko wanatoka. Mabaharia hugawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la dharura, na mtoni utakadiria mawili ya kwanza kwa mkondo. Lita 40 zikiwa mafungu mawili, utabeba 60. Tajiri wa boti atalalamika. Mwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Nimeona karatasi ikiwanyamazisha watu ambao maneno hayakuwanyamazisha.

Uzito nao una hesabu yake. Abiria mmoja mkadirie kilo 75, gunia la sukari kilo 50, mtungi wa maji wa lita 20 kilo 20. Abiria 12 peke yao ni kilo 900, na bado hujaweka pikipiki. Lakini mzigo unaonitisha mimi zaidi ni ule unaotembea. Mbuzi 15 waliofungwa ovyo wakishtuka na kukimbilia upande mmoja, ni kama mtu ameusukuma ubavu wa boti kwa mkono. Maji yaliyojaa ngamani hufanya vivyo hivyo: boti ikiinama kidogo, yote hukimbilia huko na kuizidisha kuinama. Ndiyo maana kufua maji si kazi ya usafi. Na abiria wanaosimama wote kwa pamoja wanapoona ukingo, kila mmoja akitaka ashuke kwanza, huinua uzito wote juu. Boti inaweza kupinduka hatua kumi kutoka nchi kavu. Wahutubie kabla ya kuondoka, kwa Kisomali, Kipokomo au Kiswahili, lugha wanayoielewa: kaeni, fungeni jaketi, hakuna kusimama mpaka kamba ifungwe na niwaite mmojammoja. Mama mwenye mtoto kwanza. Utajisikia kama kondakta; si kitu.

Ukishakuwa na miezi yako mtoni, teremka pwani. Njia ya msituni kupitia Bodhei ni fupi kwa ramani, lakini uliza hali ya usalama kabla ya kuifuata. Wengi huzunguka na Garsen na Witu mpaka Mokowe. Pale tafuta chombo chochote kitakachokuchukua kama baharia, hata kwa malipo ya chakula. Waheshimu wenyeji. Mtoto wa Matondoni ameona mashua zikiundwa tangu anatambaa, na ukija na maneno ya mjini utafundishwa kwa kunyamaziwa.

Bahari itakufundisha kwanza kupwa na kujaa. Hapa wewe una akiba usiyoijua. Kila mtu wa kwetu anaujua mwezi, kwa ajili ya Ramadhani, kwa ajili ya deni, kwa ajili ya safari ya mifugo. Mwezi unapoandama na unapotimia 15, ndipo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi nusu, maji ni mafu. Kila siku saa ya maji kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupiti unapotaka wewe. Unapita maji yanapotaka. Kozini watakupa kanuni ya mafungu 12, na ni kanuni nzuri: maji hujaa kwa saa sita hivi, saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa mita 3.6, basi saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu peke yake yanapanda 90. Anayeondoka saa moja baada ya maji kukauka akidhani "yanajaa tayari" atakaa juu ya fungu akila biskuti.

Pepo nazo. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari ya Lamu inakaribisha. Kusi linapokaza, hasa Juni mpaka Agosti, bahari ya nje ya visiwa ni ya wanaojua, na hata wao hukaa. Mahali pa kuogopa zaidi ni Kipini, mto wetu huohuo unapomwagika Ghuba ya Ungwana: maji ya mto na ya kupwa yakitoka nje huku kusi linapuliza kuingia, mawimbi hupanda wima kama ukuta na kuvunjika juu ya mchanga. Upepo ukipambana na mkondo, wimbi hufupika na kusimama. Ikumbuke kanuni hiyo ya maumbile. Utaulizwa kwenye mtihani, na bahari nayo itakuuliza.

Nilishindwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa mdomo. Mtahini aliniuliza: usiku, unaona taa nyekundu upande wako wa kulia, utafanyaje? Nikajibu kwamba nitapunguza mwendo nitazame. Akaniuliza kwa nini taa ni nyekundu. Nikakaa kimya. Nilikuwa nimekariri kanuni bila kuziona, na kosa lilikuwa langu. Chombo hubeba nyekundu kushoto kwake na kijani kulia kwake. Ukiona nyekundu yake kuliani kwako, unauona ubavu wake wa kushoto, maana yake anakatiza mbele yako akitoka kulia kwenda kushoto, na kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinasema anayemwona mwenzake kulia kwake ndiye ampishe. Geuka mapema, geuka waziwazi ili akuone umegeuka, kwa kawaida kulia, upite nyuma yake. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, anakujia wewe. Masalani hatuna taa za barabarani za kutufundisha, kwa hiyo chukua visanduku viwili vya kiberiti, vipake rangi, uvisukume juu ya mkeka jioni mpaka mkono ujue kabla ya kichwa. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili.

Na kitu kimoja ambacho hakihitaji taa wala kitabu. Chombo cha mbali ukikitazama kimekaa usawa wa chuma fulani cha boti yako, na baada ya dakika mbili bado kimekaa usawa wa chuma kilekile ila kimekuwa kikubwa, mtagongana. Kikisogea mbele au nyuma ya chuma kile, mtapishana. Kumbuka pia kwamba katika maji ya Lamu vyombo vingi vidogo havina taa yoyote. Kanuni unazijua wewe. Yule mwenye dau gizani anamjua Mungu tu. Weka mtu omoni mwenye macho, na tochi.

Redio ya VHF jifunze kuisema hata kama boti yako haina. Chaneli ya 16 ndiyo ya kusikiliza na ya dharura: Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, kilichotokea, idadi ya watu. Mahali ulipo hutangulia hadithi, kwa maana betri ikikata katikati, angalau wajue pa kuja. Mto wa ndani hauna wa kukusikia kwenye redio, kwa hiyo chombo chako cha mawasiliano ni mtu wa nchi kavu mwenye simu, uliyemwachia karatasi yenye majina ya abiria na saa ya kufika. Simu yako itie kwenye mfuko usioingia maji. Kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi; ukianguka, mashine ife, isirudi kukukata kwa rafadha.

Kuhusu kazi sitasema mengi. Lamu pana boti za abiria za Faza, Kizingitini na Siyu, pana watalii, na tangu bandari mpya ya Lamu ilipofunguliwa Mei 2021 watu wanatazamia kazi za boti zinazohudumia meli. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kipo tangu 2018 na huajiri kwa utaratibu wake. Mimi ningependa angalau wachache warudi Tana. Kaunti hununua boti mafuriko yakija. Boti bila nahodha ni birika kubwa.

Sasa lile la kukataa. Litakuja siku usiyoitaka. Magharibi inakaribia, kuna mgonjwa, kuna jamaa wa tajiri wa boti, kuna mzee aliyekushika mkono ulipotahiriwa. Boti imeandikiwa watu 12 nao ni 19. Ukisema "naogopa", watakucheka. Ukisema "haifai", watabishana. Sema idadi: "Boti hii imeandikiwa 12, nimehesabu 19, nitakwenda mara mbili. Mgonjwa na watu wake kwanza." Umewapa njia, na mzee hakuvunjiwa heshima. Kama ni upepo au maji, taja saa: "Tutatazama tena saa moja asubuhi." Kumwambia mtu mwenye haraka asubiri mpaka saa fulani ni rahisi kuliko kumwambia asubiri tu. Na kama tajiri atakuambia shuka, atampata mwingine, shuka, ufunguo uukabidhi mbele ya watu, na useme kwa sauti ya kusikika kwamba wewe si nahodha wa safari hii. Utakosa mshahara wa siku. Mara moja niliukosa wa mwezi mzima, na boti ile ilifika salama, na nilichekwa Mokowe mpaka Idi. Nakueleza ili usidhani ukikataa bahari itakuunga mkono papo hapo.

Yule kijana hakuuza mbuzi. Alinunua daftari la kurasa 64 kwenye duka lilelile, akapata nafasi kwa mzee mmoja anayevusha watu, kazi yake kushika upondo wa kusukumia na kufua maji. Miezi michache baadaye alinipigia simu. Mto ulikuwa umepanda usiku, kijiti kimezama, mzee akawarudisha abiria wote majumbani, na wao wawili wakakaa chini ya mti kutwa nzima bila senti. Alitaka kujua kama siku kama ile inahesabiwa.

"Kwa saa za KMA, haihesabiwi," nikamwambia.

"Sasa niiache?"

"Iandike. Mzee atie sahihi."